Jiwe Chini ya Kitanda cha Joyeuse

Agnès Kanyinda alikuwa na kazi ambayo wengi mtaani kwake Kolwezi hawakuiita kazi. Alisimama kando ya televisheni katika chumba cha video, akiwafasiria watu filamu za Kiingereza, lugha aliyoipata utotoni Zambia. Wengine walikuja kusikiliza sauti yake tu.

Jumamosi moja alasiri ilionyeshwa filamu ya kale ya Waingereza, isiyo na rangi. Mtaalamu aliyevurugwa na dhamiri anazunguka mjini na bomu la atomiki ndani ya begi, na serikali inawahamisha watu wote kwa treni.

"Mama Agnès, hii bombe banaitengenezaka na nini?" akauliza mwanamke wa mbele.

"Na libwe. Libwe ya uranium, nyeusi, nzito. Ile ya kwanza ilitoka huku kwetu Katanga."

Stany, mdogo wake Agnès, mchimbaji wa kobalti, akainuka akatoka. Hapo Agnès akakumbuka jiwe jeusi lenye michirizi ya njano alilolileta Stany kutoka shimoni, akalificha chini ya kitanda. Stany alisema kuna mtu katika mji wa Dilolo anayeyatafuta mawe ya namna ile. Na juu ya kitanda hicho alilala mkewe Joyeuse, mjamzito.

Filamu ilipokwisha, Agnès alikwenda moja kwa moja kwa Stany.

"Toa hii libwe mu nyumba."

"Yaya, dada yangu, ile ni sinema. Libwe haiwezi kupasuka."

"Najua haitapasuka. Sumu yake inakulaka mutu polepole. Kule kwa Bazungu balileta matreni. Siye huku, nani atatuhamisha?"

Stany aliinamisha kichwa, hakusogea. Basi Agnès akakunja nguo za Joyeuse ndani ya kitenge, akamshika mkono. Joyeuse alimtazama mumewe kidogo, akamfuata wifi yake.

Baada ya siku chache Stany alikuja kumchukua mkewe. "Nilishaitupa," alisema.

"Wapi?"

"Mu maji. Kule bamama banaoshaka mabwe ya kobalti."

Agnès hakungoja asikie zaidi. Alipofika bwawani, wanawake walikuwa wameinama, maji magotini, watoto mgongoni. Aliwaambia yote, bila kuficha jina la mdogo wake. Wengine wakacheka kwamba Mama wa sinema ameleta sinema yake majini. Mmoja, Mukuna, hakucheka.

"Tukiacha hii maji, tutaosha wapi?" aliuliza.

Wanawake wawili walibeba mabeseni yao wakaenda zao. Waliobaki wakaendelea kuosha. Agnès akapandisha kitenge, akaingia, akapapasa matope akilitafuta lile jiwe mpaka vidole vikafa ganzi. Mawe yote aliyoyaibua yalikuwa meusi kwa matope, yote mazito, na hakujua lipi ni lipi.

Joyeuse alibaki kwa Agnès, akajifungulia huko mtoto wa kike. Kila amwogeshapo, Agnès humgeuza taratibu kwenye mwanga, akimkagua ngozi, na mama yake haulizi anatafuta nini.