Kiti cha Chef Constant

Asumani alikuwa fundi wa viti vya kekele katika komuni ya Tshopo. Kazi hiyo aliipokea kwa baba yake: kuloweka fito hizo za porini, kuzipinda kwenye moto, kuzisuka mpaka mtu akikaa asitamani kuinuka. Wateja walimjia hata kutoka Kapalata.

Dada yake mkubwa, Asha, mwalimu mstaafu mwenye magoti mabovu, alikwenda siku moja kutafuta karatasi zake za pensheni katika ofisi moja mjini. Mkuu wa ofisi hiyo, chef Constant, alikuwa ameamuru viti vyote vya korido viondolewe. "Batu bakikaa muzuri, habatoke tena," alisema.

Asha akasimama tangu asubuhi. Adhuhuri aliomba akae kidogo tu kwenye kiti kilichokuwa kitupu mbele ya meza ya mkuu. Constant hakuinua hata uso. "Ile iko ya wageni, mama."

Saa nane Asha alianguka kwenye saruji, nyonga ikavunjika. Hakutembea tena.

Asumani hakwenda kugomba. Alingoja. Mwaka wa pili, Constant mwenyewe alisimamisha gari mbele ya kibanda cha fundi.

"Papa fundi, nataka fauteuil ya kweli, kiti ya bureau. Mutu akiingia, aone iko kwa chef."

"Utaipata, chef. Hautaisahau."

Asumani alikisuka kiti hicho wiki tatu, na hakuwa amewahi kusuka kizuri kama kile. Ila miguu ya mbele aliifupisha upana wa vidole viwili, ili anayekaa ateleze mbele, na chini ya msuko, pale uti wa mgongo unapoishia, akaficha fundo moja gumu. Kwa macho usingeona kasoro.

Jirani yao Colette aliuza mikate mlangoni mwa ile ofisi. Kila jioni Asha alimwita kitandani pake.

"Leo ameikalia muda gani?"

"Hata nusu saa hapana, mama. Anaingia, anatoka, anashika mugongo sawa mwanamuke wa mimba."

Asha alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alitaka aambiwe yote: dawa ya kuchua, mto uliowekwa ukateleza, daktari aliyemwambia Constant alale sakafuni. Siku hizo alikula vizuri. Asumani alisikiliza akiwa mlangoni, wala hakuona huruma hata chembe.

Baada ya miezi minne Colette alileta habari nyingine. Constant amekichoka kile kiti, amekitupa korido. Sasa wanakikalia wale wanaongoja, na leo bibi mmoja ameondoka akilia kwa maumivu ya kiuno.

Mara hii Asha hakucheka. Kisha akamwambia ndugu yake, "Yule bibi hakutukosea kitu. Kesho uende uitengeneze."

Asubuhi Asumani aliingia koridoni na msumeno. Mbele ya watu waliopanga mstari alipindua kiti, akakata miguu ya nyuma vidole viwili, akachomoa lile fundo kwa kisu. Mzee mmoja akakaa, akajinyoosha. Ndipo Constant akatoka ofisini. Alitazama vipande vya miguu chini, akatazama fundo mkononi mwa fundi.

"Kumbe ulifanya makusudi?"

"Makusudi kabisa, chef. Dada yangu Asha aliangukia hapa, hapa unasimama. Ulimunyima kiti."

Constant aliita polisi. Asumani alikaa siku mbili kwenye saruji ya mahabusu, mgongo ukimuuma, na kila alipokumbuka uso wa Constant pale mlangoni alicheka peke yake. Siku ya tatu wakamwachia.

Asha alikuwa akimngoja. Hakumuuliza kama alipigwa wala kama alikula.

"Ulipotaja jina langu, alisemaje?"

Asumani alitaka kudanganya, akashindwa. "Alisema hakumbuki."

Colette, aliyekuwa amekaa chini na ungo wa mikate, akaacha kutafuna.

"Kila siku ya kazi utanibeba mpaka pale korido," Asha akasema. "Nitakaa mbele ya mulango wake mpaka akumbuke."

Jumatatu Asumani alimbeba.