Mkono wa Bwana Shamba

Baba alilinunua lile roboti kwenye mnada, kwenye lundo la midoli ya mitumba, likiwa vipande vipande ndani ya mfuko wa rambo. Mkono mmoja haukuwemo. Karatasi ya maelekezo nayo haikuwemo. "Kaa hapa mama, tumuunge huyu mtu," akaniambia. Mama ndiyo mimi, binti yake.

Tulimuunga sebuleni kwetu Shanwe. Kila kipande kilikuwa na kigololi upande huu na kitundu upande ule. Unabana, kinalia ka! Alipokamilika alikuwa na barakoa usoni, mitungi mgongoni na viatu vipana kama miguu ya bata. Sasa sisi watu wa huku, bahari tumeiona wapi? Baba alimgeuzageuza, akasema huyu ni bwana shamba: barakoa ya kujikinga na dawa ya pamba, mgongoni bomba la kupulizia, na viatu vya kuingilia kwenye majaruba bila kunasa kwenye tope. "Yaani ningepata hivi viatu mimi kule Usevya!" alisema, na wala hakuwa anatania.

Usevya ndiko alikolima mpunga. Msimu ukianza anaondoka, tunamwona tena baada ya mavuno. Safari hiyo, kabla hajaondoka, alimchongea bwana shamba mkono wa mti wa mninga, akausugua kwa msasa, akautoboa tundu kwa msumari wa moto. Ulikuwa mrefu kuliko mwenzake, vidole vimenyooka. Nikamwuliza mbona mrefu hivyo.

"Mkono mfupi hausalimii mtu aliye mbali," akanijibu.

Msimu mwingine wakulima wenzake waliturudishia baba akiwa hawezi tena kusema, na hatukukaa naye sana. Siku ya kuanua matanga watu wa ukoo waligawana vitu vyake: jembe, redio, koti. Mimi mtoto nani angenihesabu? Nilibaki na bwana shamba wangu. Mpaka leo, nami nina mtoto wangu, watu huniambia utazoea. Nizoee nini? Namtaka baba yangu, basi.

Juzi binti yangu alinijia na simu mkononi. "Mama, huyu wako siyo bwana shamba! Ni mzamiaji wa baharini. Wako wa aina nyingi, watu wanawakusanya." Kwenye picha, palipo mkono wa baba, palikuwa na koleo la plastiki la kijani. Rafiki yake wa shule alikuwa nalo la ziada, amempa. Kumbe alishalileta, na vidole vyake vilishaanza kuuchomoa ule wa mninga.

"Weee! Acha hapo hapo!"

Nilifoka mpaka jirani akachungulia. Tundu lile limekauka, lina ufa; uchomoe kwa nguvu, mkono wenyewe unapasuka, halafu mimi nibaki na nini cha baba? Koleo la plastiki?

Mtoto alinitazama, akalirudisha koleo mfukoni. "Basi mama, samahani. Lakini tumtie tu kwenye maji. Masikini, ni mtu wa majini na hajawahi kuingia."

Nilikuwa nafua. Nilikubali kwa shingo upande, nikamsogezea beseni la kusuuzia. Bwana shamba alizama polepole, viatu, mitungi, barakoa. Nikajua ndiyo basi, amefika chini. Lakini mninga ukakataa. Ulimvuta akasimama wima majini, mwili wote umefunikwa, na mkono wa baba peke yake uko juu, vidole vimenyooka, unayumba taratibu kunielekea mimi.

Binti yangu akacheka, akapiga makofi. "Mama, ona, anakusalimia!"

Sikuwahi kumwambia maneno ya babu yake. Nikaweka sabuni chini, nikainua mkono wangu na mapovu yake.

"Shikamoo, baba," nikasema, na mtoto akaacha kucheka.