Kibodi ya Kasha la Sabuni

Habari ya msiba ililetwa na kondakta wa basi. Alishuka Hola, akaulizia kwetu, akamwambia baba kwa sauti ya chini kwamba mkwewe wa Mombasa, mume wa dadangu, amefariki na ameshazikwa. Mama alikuwa hawezi. Nikatumwa mimi, niliyekuwa nimemaliza kidato cha nne sina la kufanya, na ambaye kila basi lililopita lilinikuta nimesimama kando ya barabara nikilitazama mpaka vumbi litulie.

Mto Tana ulikuwa umefurika. Garsen tulilala ndani ya basi, kwa kuwa mbele, kwa hofu ya majambazi, hapakupitwa bila magari ya askari kutangulia, na askari hawakuwa wamefika. Kulipokucha tukaondoka msururu mmoja, mabasi na malori, tukakwama matopeni, wanaume tukashuka kusukuma. Mama mmoja aliyeketi nyuma yangu aliniuliza naenda wapi. Nilipomwambia, alinikatia nusu ya mkate wake wa mofa. Feri ya Likoni niliivuka matope yamenikaukia magotini.

Nilifika Bofu matanga yameanuliwa. Dadangu alikuwa ameshaingia eda: miezi minne na siku kumi za kukaa ndani, nguo nyeupe, bila wanja wala manukato. Alinikumbatia, akaniuliza hali ya mama, kisha akaniambia kuna jambo.

Mumewe alikuwa karani katika ofisi moja ya kutoa mizigo ya bandari, huko Changamwe. Ofisi ilikuwa imenunua kompyuta, na mkubwa wake alikuwa ameahidi kwamba mke akipata cheti cha DOS, mfumo uliokuwa ukiziendesha kompyuta za siku zile, naye ataajiriwa. Dada alikuwa amesoma miezi kadhaa katika chuo kidogo cha Timbwani, juu ya duka la vyuma. Mtihani ulikuwa karibu. Sasa mkubwa yule alituma salamu za rambirambi, na pamoja nazo neno kwamba nafasi haiwezi kungoja eda ikatike, ila akija ndugu wa mjane akiwa na cheti, ataichukua.

Upande wa pili alikuwapo mama mkwe wa dada, bibi mpole wa Jomvu Kuu, naye alikuwa ameshasema lake. Eda ikiisha, ikiwa hapana mwenye mshahara wa kuishika nyumba ile, atamchukua mjukuu wake, binti wa miaka mitano, akalelewe na watu wa babake. Hakulisema kwa ukali. Alilisema huku akimsuka mtoto nywele.

Mwalimu wa madrasa aliulizwa kama dada aweza kwenda mtihani na kazini, akajibu kwamba mjane anaruhusiwa kutoka mchana kwa haja isiyo budi, mradi usiku alale kwake. Bibi mwenyewe akasema, nenda mwanangu. Dada akakataa.

“Nilikaa naye miaka sita tu,” akaniambia walipokwisha kuondoka. “Sitampunja miezi hii minne. Utakwenda wewe.”

“Mimi kompyuta sijawahi hata kuiona.”

“Mimi nimeiona kwa sote wawili.”

Chuo kilikubali niingie mahali pake. Viatu tulivua mlangoni, kwa kuogopa vumbi, na ndani mlikuwa na ubaridi ambao sikuwa nimewahi kuuhisi Pwani. Mashine zilikuwa chache, kwa hiyo tuligawanywa watatu watatu: mmoja huandika kwenye kibodi, mmoja hutia na kutoa disketi, na wa tatu husimama nyuma akizisoma amri kwa sauti kutoka kwenye karatasi. Mgeni daima alikuwa msomaji. Wenzangu wawili, msichana mmoja wa Kidigo na kijana mmoja wa Changamwe, walinibatiza Imamu. “Haya Imamu, tusomee, maamuma tuko tayari,” msichana alikuwa akisema, na darasa zima likicheka. Nilisoma vizuri. Nilizijua amri zote kwa moyo, na kibodi sikuigusa.

Kuigusa, niliigusa nyumbani. Dada alikata ubavu wa kasha la sabuni, akachora vitufe kwa kalamu ya wino, herufi na tarakimu kila moja mahali pake. Boksi halikutosha safu ya juu kabisa, ile ya vitufe vya F. Hatukujali. Baada ya alasiri tukiketi mkekani, boksi kati yetu, naye akinitaka nitengeneze faili, nilihamishe, nilifute, niitayarishe disketi mpya. Vidole vyangu vilikuwa vya jembe. Alikuwa akivipiga kwa kijiti cha ufagio kila nilipokosa, na mpwa wangu akinipanda mgongoni kutazama.

Amri ngumu ilikuwa ile ya kuandika faili moja kwa moja kwenye mashine. Unaandika mistari yako, ukimaliza unabonyeza F6, kisha Enter, ndipo mashine inalihifadhi. Usipobonyeza, inakaa tu na kale kamstari kake kanakopepesa. Ilipofika F6, dada alikuwa akigonga mkeka, juu ya ukingo wa boksi. Nami nikagonga mkeka pale pale. Tulifanya hivyo mara nyingi mno. Na alinionya: mashine za chuo ni wazee, ukiona kimya usiihimize, ingoje.

Siku ya mtihani wa maandishi nilijibu kila swali. Wa vitendo tuliingia mmoja mmoja. Nilivua viatu, nikaketi, na kwa mara ya kwanza kibodi nzima ikawa mbele yangu peke yangu. Swali la kwanza lilikuwa barua ya mistari mitatu. Yote yaliyobaki yalilifuata faili hilo: kulinakili, kulibadili jina, kulionyesha. Niliandika barua. Kisha kidole changu kikanyanyuka, kikapita safu ya juu ya vitufe, kikagonga meza. Nikabonyeza Enter.

Kamstari kakashuka, kakapepesa. Nikaingoja. Niliweka mikono mapajani kama nilivyofunzwa, nikiona fahari kwamba mimi si mwenye pupa kama wengine. Msimamizi alinitazama, akaitazama saa. Hakuruhusiwa kusema. Nilipogonga meza mara ya pili ndipo nilipousikia mlio wa mbao, nikafahamu ninachofanya. Nilikitafuta kitufe, nikakiona, nacho kilikuwapo muda wote. Msimamizi akasema kwa upole, “Basi, ndugu yangu. Wakati umekwisha.”

Nilimweleza dada nikiwa nimesimama mlangoni. Alicheka. Tangu msiba hakuwa amecheka, nami nikacheka naye, tukagonga mkeka wote wawili kama wendawazimu. Baadaye nikaona mimi nimenyamaza na yeye mabega yanaendelea kutikisika.

Mtihani wa marudio ulikuwa mbali, na Changamwe walimwajiri mwingine. Eda ilipokatika wanawake walikuja, wakamwosha, wakampaka wanja, wakamfukiza udi. Alikuwa mzuri siku ile. Jioni bibi akaondoka na mtoto. Hakuna aliyegombana na mwenziwe. Dada akaja akapata kazi ya nyumbani Arabuni, akaapa kwamba atakusanya fedha arudi amchukue mwanawe. Tulifunga nyumba ya Bofu, ufunguo nikaurudisha kwa mwenyewe.

Alipokwisha kusafiri nilikwenda Jomvu Kuu kuaga. Niliketi barazani, nikaletewa uji wa mchele. Mpwa wangu akatolewa ndani, kavaa buibui dogo, nywele zimesukwa upya. Nilidhani atanirukia. Alisimama mbele yangu, akainamisha kichwa, akanipa mkono kama alivyofunzwa kumpa mgeni.

“Shikamoo.”

Nilingoja aniite mjomba. Bibi akatabasamu kwa namna mtoto alivyoshika adabu.

“Marahaba,” nikamwambia.

Nilishika njia hadi barabara kuu. Basi la kwetu lilikuwa la kesho yake. Lilikuja lori linalokwenda Taveta, ambako sikuwa na mtu; dereva akaniuliza kama ninaelekea huko, nikasema ndiyo, nikapanda.