Nilidharau fomu ya tayari, binti wa watu akaanza Form One na sketi ya msingi

Ko. Ko. Ko.

Kucha ya mama mmoja ikigonga kioo cha simu. Hadi leo naisikia.

Wakuu, heshima kwenu. Haya niliyafanya mwenyewe, sijatia chumvi hata punje.

Mimi ni binti wa Chanji, hapa Sumbawanga. Shule niliishia form four, website nimejifunzia kwenye laptop ya mtumba. Ndoto zangu sasa, msiulize 😂

Mama Zuhura, fundi wa sare za shule mtaani kwetu, akaniamini nimtengenezee website. Alitaka wazazi wa mbali, hasa wa Muze kule bondeni, wajaze vipimo vya watoto mtandaoni, wakipanda mjini wakute nguo tayari.

Rafiki yangu Rehema, aliyenifundisha CSS, ile lugha ya kupamba website, akanishauri: "Shoga, chukua fomu ya tayari. Hizo components, yaani vipande vya tayari, zimeshajaribiwa kwenye kila aina ya simu. Wewe badilisha rangi tu."

Nikamcheka. "Kwani mimi fundi viraka?"

Nikaandika kila kitu kwa mkono, wiki mbili. Nikaweka na lesi nyeupe inaning'inia pembeni ya fomu, kama ya gauni la Idi. Jamani, ilipendeza! Mama Zuhura akaitazama kwenye laptop: "Mashallah mwanangu, una mkono."

Kwenye simu ndogo sikuijaribu.

Shule zikakaribia kufunguliwa. Wa mjini walikuja wenyewe dukani. Kutoka Muze, kimya.

Ijumaa akaingia mama mmoja wa Kisukuma kutoka Muze na binti yake. "Tumefuata sare."

"Zipi tena mama? Vipimo vyako sijapata," Mama Zuhura akashangaa.

"Nilijaza! Nimebonyeza Tuma mpaka kidole kikauma, nikajua mtandao wenu tu mzito." Akatoa simu, akabonyeza mbele yetu. Ndiyo ile sauti.

Kwenye kioo chembamba, lesi yangu ilikuwa imetanda juu ya kitufe. Sehemu zake zisizo na rangi huzioni, ila kidole kinaishia hapo hapo, hakifiki kwenye kitufe.

Cherehani ilikuwa na foleni, kumshonea kabla ya shule kufunguliwa Jumatatu haikuwezekana. Binti akaanza form one na sketi ya bluu ya shule ya msingi. "Usijali dada," aliniambia siku ile dukani, huku akiivuta ile sketi aliyovaa ifike magotini.

Bora angenitukana.

Kuandika mwenyewe bado napenda. Ila nilichagua kwa ajili ya sifa, sikumfikiria mwenye simu mbovu. Kitu ambacho mtu anakitegemea, chukua kilichojaribiwa, urembo utafuata.

Sasa nimeweka fomu ya tayari, inafanya kazi vizuri. Muze hawaitaki. Wanampa dereva wa Fuso vikamba walivyompimia mtoto: fundo la kiuno, fundo la urefu, na jina la mtoto kwenye kikaratasi.

Mnaoandika CSS kwa mkono, mnajuaje pa kuishia? Nielekezeni. Na wa kunisema aseme tu, nimejiandaa.

Jana Mama Zuhura alienda kuswali, nikabaki dukani peke yangu. Nikavinyoosha vile vikamba kwenye futi, kimoja kimoja, nikaandika vipimo daftarini. Kila kimoja nilikipima mara mbili.