Moto Aliosingiziwa Mama Wankuru

Harufu ya mpira wa tyubu unaoungua hukufikia kabla hujaona moshi, na mimi nikiisikia, hata leo nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu, kwanza hutazama paa. Nilikuwa darasa la tatu, tukiishi Bunda, miaka ile watu walipohamia vijiji vya ujamaa, nyumba mpya za nyasi zikapangwa kwa mistari kama matuta ya pamba. Baba yangu alikuwa dereva wa ofisi iliyonunua pamba. Landrova yake ilikuwa na spika kubwa ya bati juu ya paa, ya kutangazia siku za mauzo, na kila ilipoingia kijijini watoto waliifukuza nyuma huku wakimezwa na vumbi. Mimi nilikaaga mbele, shingo imesimama kama ya korongo.

Rafiki yake baba, Mzee Mugaya wa Mugeta, alipomwozesha mwanawe, alimwomba baba alete kile kikuza sauti ili kwaya isikike mpaka kwa wageni waliokosa kivuli. Baba akaichukua gari bila kumwambia mkubwa wake. Tulipofika, zizi la ng'ombe lilituzuia kuusogelea uwanja; spika ikashushwa ipelekwe mbele, na waya mnene mwekundu wa kutoka kwenye betri ukaishia njiani. Wageni walikwisha kukaa, maharusi wanakuja. Baba akang'oa waya mwembamba wa taa kwenye baiskeli ya mtu, akaumenya ncha kwa meno, akausokota pamoja na ule mnene, akafunga kiungo kwa kipande cha tyubu kwa kuwa utepe wa umeme madukani haukuwapo. Kisha akaupitisha waya chini ya paa la jiko, watoto wasiukanyage.

"Baba Nyangeta, huo si mwembamba?" mama alimuuliza.

"Utatosha. Ni nyimbo tu, si mashine ya kusaga."

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, lakini nani huwakumbuka wahenga watu wakianza kupiga vigelegele? Kwaya iliimba, sauti ikavuka mashamba, na wazee wakatikisa vichwa kwa furaha. Katikati ya wimbo wa tatu au wa nne spika ilikoroma, ikanyamaza. Ndipo nilipoisikia ile harufu. Nyasi za paa la jiko zilikuwa zimeshika moto, na kabla ya maji kufika kutoka kisimani, moto ulirukia ghala. Pamba ya msimu mzima iliungua na mtama wa kula mwaka ule. Hakuna aliyekufa. Lakini bibi harusi aliingia kwao kupya akikanyaga majivu, na watu wakaanza kutafuta mwenye makosa.

Hawakutafuta mbali. Jikoni alikuwa amepika Mama Wankuru, mjane jirani wa Mzee Mugaya, mwanamke mwembamba aliyeitwa kila penye shughuli kwa sababu ugali wake haukuwa na mabuje. Wakasema aliacha moto. Yeye akaapa, kisha akalia. Baba alikuwa akikunja waya. Nilimwona akikitazama kile kiungo, mpira umeyeyuka ukagandamana na nyasi nyeusi. Alikiviringisha katikati ya waya uliobaki, akautupa wote chini ya kiti chake garini. Nyumbani nilimsikia mama akimwambia, "Umeona mwenyewe." Baba akajibu, "Nikisema, kazi imekwisha. Watoto watakula nini?"

Juma lililofuata Mama Wankuru alikuja kwetu kwa miguu kutoka Mugeta, kuku jike mikononi. Alipiga magoti mbele ya baba.

"Shemeji, nimekuja kuomba msamaha. Chombo chako cha serikali kiliharibika kwa ajili yangu. Moto mimi nafunikaga na majivu kila siku. Siku ile labda nilisahau. Nafikiri nilisahau."

Baba alimwinua, akamvutia kigoda. Mama alimchinja yule kuku kwa kuwa mgeni hakukubali kurudi naye. Tulipoketi kula, baba alikata tonge akabaki amelishika mpaka likapoa. Mimi nilikula sana. Nakumbuka nilipewa firigisi, na ilikuwa tamu.

Mgeni alilala kwetu. Asubuhi baba alimrudisha Mugeta kwa gari, akamwita Mzee Mugaya na majirani, akautoa ule waya mbele yao. Mama alikuwapo, ndiye aliyenisimulia. Mama Wankuru hakufurahi kama walivyotarajia. Alisema tu, "Ungesema siku ile, shemeji, mimi ningelala. Nilikuwa nimeanza kujiona kichaa." Mwenye kovu usidhani amepoa.

Baba alienda mwenyewe kwa mkubwa wake, akaachishwa kazi. Tulihamia Mugeta, akalima pamba bega kwa bega na Mzee Mugaya mpaka ghala lilipojaa tena. Na mimi, badala ya kumlaumu baba, nilimchukia Mama Wankuru. Kama asingekuja na kuku wake, niliwaza, bado ningekuwa nakaa mbele kwenye Landrova. Kwa miaka alinisalimu kila asubuhi nikienda shule, "Mwanangu, umelalaje?" na mimi nilipita kama sikusikia. Alikufa nikiwa sekondari Musoma. Sikwenda kumzika.

Siku hizi tuna simu, tuna umeme mpaka Mugeta, na makosa hayana wenyewe. Ofisini nilikofanya kazi hadi kustaafu tulisema "kumetokea hitilafu", kana kwamba hitilafu ina miguu, na mara nyingi niliona karani wa chini akibebeshwa mzigo niliojua si wake. Niliinamisha macho, nikawafikiria watoto wangu watakula nini. Baba alichelewa juma moja tu kusema, na juma hilo alilijutia mpaka anaingia kaburini. Mimi kwa wale makarani sijasema hadi leo.