Mpimaji wa Mawe ya Kisima

Miaka imepita taratibu juu ya maabara ile ya Kyumbi, na mpimaji wa miamba bado hulipima kila jiwe mara tatu, akilishika kwa vidole viwili kama yai. Jana kipande kilichotolewa kwenye kisima cha mafuta kilipitisha hewa vizuri kipimo cha kwanza, kikagoma cha pili, kisha cha tatu kikapitisha nusu. Alikikausha tena tanurini, akanitazama mimi msaidizi wake kana kwamba najua.

“Mama, andika wastani tu,” mkubwa wake alisema. “Hawa wenye kisima wasipopata ripoti leo, watapeleka kazi kwingine.”

“Wastani wa nini, bosi? Hili jiwe bado halijaniambia kitu.”

Akaandika kwenye ripoti, “Sijaelewa,” akatia sahihi. Mwenyezi Mungu ambariki yeye na wanawe, na riziki yao isikatike.