Ngamia Watano wa Ramani Nyekundu

Ramani ilimfikia Istahil saa tatu asubuhi, akiwa amekaa nyuma ya madumu yake ya maziwa ya ngamia sokoni Garissa. Aliyeituma ni binti yake Maryan, muuguzi huko ughaibuni, na chini yake alikuwa amemwandikia mama yake maneno machache tu: Hooyo, nisamehe, yamekuwa yale yale.

Ilikuwa ramani ya Kenya iliyopakwa rangi na serikali ya nchi anakoishi Maryan, ili raia wake wajue pa kwenda likizo na pa kukwepa. Mombasa kijani. Mbuga za simba kijani. Halafu upande mzima wa kaskazini mashariki, kuanzia Buna na Lafey huko juu hadi Garissa, mwekundu. Istahil aliikuza picha kwa vidole viwili, akautafuta mto Tana, akautafuta mji wake. Ulikuwa ndani ya wekundu, pamoja na nyumba yake, msikiti wake, na hapo hapo alipokuwa amekaa na madumu.

"Nani alikuja kupaka rangi?" alimuuliza Maryan kwa ujumbe wa sauti, kwa Kisomali, bila hata salamu, na yeye si mtu wa kuacha salamu. "Alikuja lini? Alifikia kwa nani? Alikunywa chai nyumba gani?"

Kanana, mwalimu kutoka Meru, alikuwa amesimama akingoja chupa yake ijazwe. Istahil alimsukumia simu.

"Mwalimu, hii Kizungu inasema nini?"

Kanana alisoma, uso ukimkunjamana. "Mama Maryan, inasema mtu asisafiri kuja huku kwa sababu yoyote. Akija, bima yake inaweza kukataa kumlipia chochote."

"Na wewe ulikuja wabi, si hapa?"

"Mimi niko hapa mwaka wa sita. Kumbe nilishakufa, hakuna aliyeniambia."

Walicheka wote wawili, lakini kicheko cha Istahil kilikatika njiani. Alimjazia mwalimu chupa mpaka maziwa yakamwagika kwenye kanga.

Si kwamba alikuwa na haja na watalii. Watalii wakae huko kwao na kofia zao. Aliyemtaka ni mmoja tu, Iftin, mtoto wa Maryan, mwenye miaka tisa, ambaye alikuwa hajawahi kumgusa hata kidole.

Siku Iftin alipofungwa kitovu huko ughaibuni, Istahil alisimama katika boma la kaka yake Korane, upande wa Balambala, akamshika mtamba mmoja mweupe aitwaye Adey, akatamka mbele ya watu kwamba huyu ni wa mjukuu wake. Ndivyo wanavyofanya watu wake: mtoto hupewa mnyama wa kike siku ya kitovu, na kila atakayezaliwa na mnyama huyo ni wa mtoto. Adey hakuwa mvivu. Sasa walikuwa watano. Kilichobaki ni mwenyewe aje, asimame katikati yao, wamnuse, wamjue, na yeye ajue kwamba kuna mahali duniani ambapo hahitaji kuomba nafasi. Korane mwenyewe alikuwa ameanza kuguna. "Dada, tutawachunga mpaka lini kwa jina la mtu wa kwenye simu?"

Mara ya kwanza walipopanga safari, Iftin alikuwa na miaka minne, na baba yake, Abdihafid, alikatazwa na mwajiri wake kwenda eneo jekundu. Mara ya pili mizigo ilikuwa imeshafungwa, watu wa bima wakapiga simu. Hii ilikuwa mara ya tatu. Mara zote tatu Istahil alikuwa amepaka nyumba chokaa.

Na asidhani mtu kwamba mama huyu hakujua hatari. Aliijua kuliko hao wenye kalamu. Alishamsindikiza jirani yake makaburini, alishafunga biashara siku ambazo hata paka hawakutoka nje. Siku hizo ziliandikwa, zikatangazwa, zikapakwa rangi. Lakini zile nyingine zote, za harusi, za mitihani, za watoto kurudi kutoka madrasa wakigombania maembe, ziliandikwa na nani? Alikasirishwa na hilo kuliko kitu kingine chochote. Mtu anakuona siku moja ukilia, basi anakuandika wewe ni msiba.

Ndipo Maryan akaja na habari ya meli. Kulikuwa na meli kubwa ya kitalii, hoteli nzima inayoelea, na mwezi wa kwanza ingetia nanga Mombasa kwa siku moja. Abdihafid alikuwa amepata nafasi kwa punguzo la kazini. Mombasa ni kijani. Bima inakubali.

"Siku moja?" aliuliza Istahil.

"Saa tisa, Hooyo. Asubuhi mpaka jioni."

"Miaka tisa, saa tisa."

"Hooyo, tafadhali."

Alikubali. Angefanyaje? Ikiwa mtoto hawezi kuletwa kwa ngamia, basi nyanya atapelekwa kwa mtoto. Korane alituma kutoka Balambala kengele ya mbao iliyovuliwa shingoni mwa Adey, nzito, laini kwa miaka ya kusuguana na manyoya, bado inanuka ngamia. Istahil aliifunga katika shuka safi pamoja na kopo la nyirinyiri, nyama aliyoikaanga na kuitia samli mwenyewe, akapanda basi la Mombasa alfajiri ya Ijumaa.

Hawakufika mbali. Walipovuka daraja la Tana tu, askari walilisimamisha basi. Abiria wote wenye sura kama ya Istahil waliteremshwa wapange foleni na vitambulisho mkononi. Walimu na maofisa wa bara walibaki vitini wakiangalia simu zao. Wengine kwa aibu, wengine hata hawakujua kuna jambo. Askari kijana aligeuza kitambulisho cha Istahil mara tatu kana kwamba maandishi yangebadilika.

"Unaenda wapi, mama?"

"Mombasa. Likizo."

Askari alimwangalia, akaangalia furushi lake, akacheka. "Likizo? Na nyinyi pia mnaenda likizo?"

"Kwani likizo iko na kabila?" alisema Istahil. "Mimi naenda kubumzika na mjukuu yangu. Andika hapo kwa kitabu yako: mama huyu anabumzika."

Yule kijana aliacha kucheka, akamrudishia kitambulisho. Istahil alirudi kitini kwake ndani ya basi. Aliitazama kengele ndani ya shuka. Serikali ya mbali inaogopa kuja kwake, na serikali ya karibu inaogopa akitoka. Sasa yeye akae wapi, juu ya daraja?

Alilala Mombasa kwa binamu yake Fatumo, na Jumamosi asubuhi Maryan akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba radhi kabla ya kutamka kosa. Kampuni ya meli ilikuwa imetoa agizo jipya jana: kwa sababu ya onyo la usafiri, abiria wasizunguke mjini wenyewe. Wateremke kwa mabasi ya kampuni tu, waende ufukweni kwenye hoteli moja, wale chakula cha mchana, wacheze, warudi. "Njoo hapo hotelini, Hooyo. Nitakuwa mlangoni."

Mlangoni hakukuwa na Maryan. Kulikuwa na mlinzi mwenye karatasi ya majina.

"Mimi ni nyanya ya mtoto iko ndani. Imetoka kwa meli."

"Jina lako halipo, mama. Leo wanaingia wenye kadi ya meli peke yake."

"Kijana, mimi nimetoka Garissa kwa ajili yake."

Hilo ndilo lilikuwa kosa. Mlinzi aliposikia Garissa, macho yake yalihama kutoka usoni kwa Istahil yakaenda kwenye furushi, na mkono ukaenda kwenye redio ya kiunoni. Hakumtukana. Alimwambia tu, kwa upole wa kuudhi, asogee upande ule wa barabara.

Istahil alisogea. Alisogea mpaka akafika kwenye kichochoro kati ya ukuta wa hoteli na ukuta wa jirani, akakifuata mpaka mchanga ukaanza kumwingia kwenye viatu. Hoteli ina lango, lakini ufuo hauna. Alitokea baharini akihema, jilbabu likipigwa na upepo, na kitu cha kwanza alichokiona ni ngamia.

Alikuwa dume mwenye umri wa makamo, amevishwa maua ya plastiki na shanga, anavutwa na kijana wa pwani kutoka hapa mpaka pale na kurudi. Juu yake alikuwa amekaa mtoto wa kike, amevaa kofia ngumu ya plastiki na jaketi la kuokolea la rangi ya machungwa, anapiga kelele kwa furaha. Kando yake alikimbia mwanamke mwenye simu, akipiga picha. Mwanamke yule alikuwa Maryan.

Sitasimulia namna walivyokumbatiana. Kila mwenye mama anajua. Ila Maryan alilia akisema walimzuia asitoke mpaka langoni, kwamba aligombana nao, kwamba zimebaki dakika arubaini waitwe kwenye basi. Na wakati wote huo Iftin alikuwa juu, akimwangalia yule bibi mwenye furushi.

"Ayeeyo!" alimwita nyanya yake kwa Kisomali chake cha kuchechemea. "Tazama! Ngamia wa kweli!"

Istahil alitamani kucheka na kupasuka kwa wakati mmoja. Mwenye ngamia watano anauziwa dakika kumi na tano za ngamia wa mtu, tena kwa kofia. Alisema, "Shuka, mama yangu. Wewe una wako."

"Wako wapi?"

"Nyumbani. Garissa."

Mtoto alishushwa, akasimama mbele yake, akamkagua kwa macho makubwa. Kisha akauliza lile ambalo bila shaka alikuwa amelibeba tangu siku meli ilipong'oa nanga. "Ayeeyo, ni kweli unakaa kule kwenu kwekundu? Huogopi?"

Maryan aliinamisha kichwa. Istahil aligeuka asionekane machozi, na kugeuka huko kulimkutanisha na shingo ya ngamia. Chini ya shanga, kwenye manyoya, kulikuwa na alama ya moto: mstari mmoja mrefu na duara dogo pembeni. Alizisukuma shanga kando. Alama hiyo hakuhitaji kuulizia. Ilikuwa ya jirani zake Korane wa Balambala, watu waliokuwa wakinywesha mifugo kwenye kisima kimoja nao tangu yeye akiwa msichana.

"Huyu ulibata wapi?" alimuuliza kijana wa pwani.

"Mnadani Garissa, mama. Mwaka juzi. Ngamia wazuri wote hutoka huko."

Hapo ndipo Istahil alipocheka, kicheko kikali kilichowafanya wazungu wawili kwenye vitanda vya jua wageuze shingo. Alimshika Iftin mkono, akaubandika juu ya ile alama.

"Sikiliza, mama yangu. Huyu uliyempanda anatoka kule wanakokukataza. Alizaliwa kwenye wekundu, akanywa maji ya wekundu. Yeye walimruhusu. Anawabeba watoto wao kila siku na hakuna aliyemuuliza kitambulisho. Ni mimi tu na wewe ndio tumekuwa hatari."

Maryan alitafsiri yaliyomshinda mtoto. Iftin hakuuondoa mkono wake. Alifuata mstari kwa kidole, akalifuata duara.

"Na wangu wana alama?"

"Wana ya kwao. Na mkubwa wao anaitwa Adey, na hii ni kengele yake." Alifungua shuka. Iftin aliitikisa, ikatoa mlio wake mzito wa mbao, na yule dume wa maua ya plastiki akainua masikio na kugeuza kichwa. Mtoto alishtuka, kisha akaitikisa tena, na tena, akicheka, na akaiweka puani akanusa.

Walikuwa na nusu saa. Walikula nyirinyiri kwa vidole, wamekaa mchangani, Istahil akitaja ngamia mmoja mmoja na tabia zake, Iftin akiyarudia majina. Halafu msichana wa kampuni mwenye kibendera alipuliza kipenga, na basi likaondoka nao.

Ujumbe wa sauti ulifika Jumapili, Istahil akiwa njiani kurudi, basi limesimama tena kwenye foleni ya vitambulisho kabla ya daraja. Aliuweka sikioni akiwa amesimama juani. Ulikuwa wa Iftin, na alikuwa amelia.

"Ayeeyo, wamechukua kengele. Mwanamume wa kwenye ngazi ya meli aliuliza imetoka wapi. Nikasema kwetu. Akauliza kwenu ni wapi. Nikasema Garissa. Akasema kitu cha mnyama kutoka huko hakiingii, akaitupa kwenye pipa. Nilimwambia ni ya Adey, hakusikia."

Ulisikika mvumo wa bahari. Kisha sauti ilirudi, na sasa haikuwa ya kilio. Ilikuwa ya hasira, na Istahil akaijua, maana ilikuwa yake mwenyewe.

"Ayeeyo, nani alikuja kwetu kupaka rangi?"

Askari aliinua mkono akidai kitambulisho. Istahil alimwashiria angoje, akausikiliza ujumbe tena mwanzo hadi mwisho.